Waya Chini ya Makoro

Kutoka mlango wa jikoni mpaka kibanda changu
ni hatua ishirini na tatu.
Nimezihesabu chai ikinimwagikia vidoleni,
nimezihesabu chini ya mvua ya Aprili,
na mtandao, usio na miguu wala viatu vya kuchafua,
haujawahi kuzimaliza.

Kosa ni langu. Nilitaka ukimya.
Niliwaambia mafundi: kuta nene,
za makoro, yale yale yaliyopita hapa yakiwa uji mwekundu
nilipokuwa na miaka tisa,
na bati juu, na kadirisha kamoja
ka kutazama mparachichi na kuku wa mama.
Ukimya nikaupata. Nikaupata hadi ukanishinda.

Maana kazi yangu ni sauti.
Hospitali iko mbali, kwenye mji wa theluji;
daktari anaongea Kifaransa, mgonjwa Kiswahili,
nami niko katikati, daraja lenye masikio.
Jumanne ile mwanamke mmoja, mtu wa Uvira kwa lafudhi,
alikuwa anangoja neno juu ya uvimbe wake.
Daktari akasema. Nikaanza: "Mama, uvimbe huu…"
na kiduara kikaanza kuzunguka kwenye kioo,
kinazunguka, kinazunguka,
na neno "si" bado liko mdomoni mwangu.

Nilikimbia na kompyuta kifuani kama mtoto mwenye homa.
Hatua ishirini na tatu. Labda nilizifanya tisa.
Jikoni, kati ya sufuria ya sombe na Asifiwe anayelia,
nikamalizia: "…si wa hatari."
Alikuwa amekwisha kulia.
Sekunde arobaini, alisema daktari.
Mimi sikuziuliza.

Hangi akaja na mkoba na simu tatu.
Akatembea bustanini akitazama vistari vinavyopungua:
vitatu mlangoni, viwili kwenye mparachichi,
kimoja kwa kuku, kisha hakuna.
"Bati linarudisha, jiwe linameza."
Akatundika kisanduku cha kupokezana kwenye tawi.
Kilifanya kazi vizuri mno siku zote za jua,
na Goma ina ngapi hizo?
Mvua iliponyesha majani yalikunywa maji,
yakanywa na maneno yangu.

"Basi ni waya," akasema. "Tuuzike."
Kuzika! Katika mji huu
ambako shimo la choo ni mradi wa miezi.

Tulimpata Paluku, mwenye mtarimbo
na bega moja lililoshuka kuliko jingine.
Siku ya kwanza: cheche, na urefu wa mkono.
Siku ya pili bei ilipanda.
Siku ya tatu mtarimbo ukazama ghafla, kumbe ni uwazi,
akapapasa, akatoa bati lililojikunja kama jani la tumbaku,
kisha bawaba,
kisha kijiko kilichoyeyuka nusu.

Mama akatoka na unga mikononi.
Alitazama. Akasogea hatua mbili kushoto,
akapiga ardhi kwa kisigino:
"Jiko lilikuwa hapa. Mlango ulitazama huku.
Huo waya wako upitishe mlangoni,
usipite ukutani kama mwizi."

Tukaupinda. Mita moja na nusu zaidi;
Hangi akanung'unika, akarudi sokoni Virunga kununua nyingine.
Kijiko alikichukua mama. Hajasema amekiweka wapi,
na Paluku, wakati wa kulipwa,
alikataa pesa ya siku ya tatu, kisha akaichukua.

Leo umeme umekatika tangu saa nne.
Betri ina dakika hamsini. Kataa kadogo ka kijani kanawaka.
Mvua inapiga bati hata naziba sikio moja,
na mwanamke wa Uvira amerudi kwa vipimo.
"Unanisikia, mama?"
"Nakusikia," anasema,
"utafikiri uko jikoni kwangu."